Mtandao wa Dirisha la Jikoni

Siku hiyo Mama hakuanza na salamu. Simu ilipopokelewa tu akasema, "Baba yako wamemfungia."

Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Kimya, alikuwa mezani kwake kazini na kipande cha mkate mdomoni. Mawazo yake ya kwanza yalikimbilia polisi. "Wamemfungia wapi, Mama?"

"Kwenye simu, mwanangu. Ile programu ya wastaafu. Tunahangaika nayo tangu Jumamosi. Leo imeandika kwa rangi nyekundu: taarifa haziwiani, umefungiwa. Taarifa gani haziwiani? Uso ni wake, hajauazima kwa mtu."

Nyuma yake Baba alisikika akisema, "Usimsumbue mtoto kazini," na Mama akamjibu bila hata kuziba simu, "Jina lako likifutwa utakula ukimya wako?"

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila mstaafu alitakiwa athibitishe kwamba bado yu hai. Angejipiga picha ya uso kwa simu na kuituma kabla ya saa kumi alasiri, Jumatatu ya wiki iliyofuata. Asiyefanya hivyo jina lake lingeondolewa kwenye orodha ya pensheni. Aliyefungiwa alitakiwa afike mwenyewe makao makuu, safari ya kutwa nzima, na Baba nyonga yake haikumruhusu hata kuvuka ua bila kushika ukuta.

"Na huyo aliyesema kidude hiki kinafaa kutumiwa na watu," Mama akaendelea, "mimi namwachia Mungu. Ila naomba Mungu asichelewe."

Kimya akaumeza mkate bila kuutafuna. Aliyesema kidude kile kinafaa alikuwa yeye. Kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti, chini ya neno "Imepita", palikuwa na sahihi yake, ndogo na yenye aibu kama mwenyewe.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kuchelewesha. Kwenye kona ya ofisi yao palikuwa na kompyuta kuukuu waliyoiita Konokono, na kazi ya Konokono ilikuwa kuigiza mtandao mbovu. Unamwambia njia iwe nyembamba kiasi gani, na kila ujumbe ukawie muda gani kabla ya kupita, naye anatii. Mafundi wa programu, ambao intaneti yao ya ofisini ilikwenda kama umeme, walipitisha kazi zao kwa Konokono ili waone watu wa mbali wanaona nini. Kimya alikuwa ameweka njia nyembamba, na kila ujumbe ukawie nusu sekunde, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kubadilika. Programu ya wastaafu ikapita taratibu, kwa madaha, kama bibi harusi. Akatia sahihi.

"Mama," alisema, "nakuja nyumbani."

*

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza sentensi, na kwa msichana aliyehitaji kupiga moyo konde ndipo aianze, hilo lilikuwa balaa. Kimya alisimama mbele ya meza yake akiwa ameshika kalamu ambayo hakuwa na haja nayo.

"Wangapi wamelalamika?" Mkuu aliuliza.

"Sijui bado. Ila baba yangu..."

"Baba yako!" Akacheka, akawageukia wengine. "Jamani, tumepata ripoti ya kitaalamu kutoka kwa baba yake mtu."

Ofisi nzima ikacheka. Hawakuwa na ubaya. Walicheka kwa sababu Mkuu amecheka.

"Si ulipima wewe mwenyewe? Ile sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi ama ulikosea siku ile, ama unakosea leo. Chagua moja."

Fundi aliyeiandika programu hiyo, kijana waliyemwita Miwani, hakugeuka hata kiti. "Wazee wana vidole vizito, dada. Wanabonyeza mara mbili mbili kama wanatwanga."

Maneno yalimpanda Kimya hadi kooni, yakakuta mlango umefungwa, yakarudi. Yaliyobaki yalikuwa machache. "Naomba siku tatu, Mkuu. Nikapimie kulekule."

"Konokono si huyo hapo?"

"Konokono hajawahi kufika kwetu."

Safari hii Mkuu hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyesikia kabati likizungumza. "Ijumaa asubuhi uwe hapa," alisema. "Na uje na kitu nitakachokiona kwa macho yangu. Mzee anayenung'unika ninaye hata mimi nyumbani."

*

Alifika Jumanne jioni, na Jumatano, chai ilipokwisha kunywewa, akawaambia wazazi wake, "Hebu nionyesheni mlivyofanya. Tutatumia simu yangu, hii haijafungiwa."

Katika nyumba ile mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye dirisha la jikoni, kati ya rafu ya sufuria na pipa la maji. Ukisogea hatua mbili, umeupoteza. Baba alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikawa na makali, na tai yake ya kazini, ile ya buluu. Maelekezo ya programu yalitaka ukuta mweupe nyuma ya mhusika, na kuta za jiko lile zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Kwa hiyo Mama alipanda kwenye kigoda, akainua shuka kwa mikono miwili nyuma ya mumewe.

"Nyoosha upande wa kushoto," Baba alisema.

"Wewe tazama mbele. Dakika tatu nzima nasimama hapa kama kamba ya kuanikia nguo, halafu mtu ananipangia kushoto na kulia."

Kimya aliwatazama kupitia kioo cha simu. Tangu Jumamosi watu hawa wawili walikuwa wamevaa hivi na kusimama hivi mara nne. Akabonyeza.

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena, kikasimama, kikaonekana kimekufa. Kisha simu ikaandika: Imeshindikana. Rudia.

"Unaona?" alisema Mama kutoka nyuma ya shuka. "Sasa hapo ndipo tunarudia."

"Mnarudia palepale?"

"Si imeamuru yenyewe?"

Kimya alifungua kompyuta yake juu ya mfuniko wa pipa na kuanza kusoma kumbukumbu za programu. Picha ya kwanza haikuwa imeshindikana. Ilikuwa njiani. Programu ilichoka kusubiri ikamwambia mzee arudie, naye kwa utiifu wa mtumishi wa zamani akarudia. Picha ya pili ikaifuata ya kwanza, vipande vya zote mbili vikafika makao makuu vimechanganyika. Kule mitambo ikamkuta mtu mwenye paji la uso la saa tatu kamili na kidevu cha saa tatu na dakika nne. Ikasema huyu ni mlaghai. Vidole vizito havikuhusika kabisa. Baba alifungiwa kwa kufanya alichoambiwa.

Lakini mbona Konokono hakuliona jambo hilo? Akaiagiza kompyuta itume salamu moja fupi kila sekunde na kuandika kila jibu limechukua muda gani. Safu ya namba ikaanza kushuka kwenye skrini. Baba alikuwa amelegeza tai na kujisogeza karibu, mkono mmoja ukutani.

Kwa sekunde tisa majibu yalirudi upesi, upesi kuliko hata ile nusu sekunde aliyoiweka kwa Konokono. Halafu hakuna. Sekunde ishirini, thelathini, arobaini, hakuna. Kisha majibu yote yaliyokwama yakamwagika kwa pamoja.

"Inapumua," alisema Baba.

"Nini, Baba?"

"Laini. Laini ya mbali si mvivu, mama. Inavuta pumzi, inaishikilia, halafu inaitoa. Zile zetu zilikuwa hivihivi."

Miaka thelathini na mmoja Baba alikuwa opereta wa simu. Mtaani hadi leo wazee wenzake walimwita hivyo, Opereta, ingawa jengo lenyewe lilikuwa limegeuzwa ghala la magodoro. Kimya akalikumbuka lilivyokuwa, alipokuwa mdogo na kutumwa na Mama kumpelekea chakula cha mchana: ubao mrefu wenye matundu kama mzinga, waya zenye vichwa vya shaba, vitaa vilivyowaka na kuzima, na baba yake na vile vidude vya masikioni, akiunganisha sauti za watu wasiomwona. Alikuwa akikaa chini ya ubao ule, kando ya miguu yake, akisikiliza sauti ya Baba ambayo haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa laini zaidi, na haikuwa na haraka hata kidogo. "Endelea, bibi, unasikika. Ukimaliza sema nimemaliza, ndipo na yeye aseme." Maana sauti zilichelewa njiani, na watu wakigombania laini wote wawili, hakuna aliyesikia kitu. Mji mzima ulikuwa umefundishwa na baba yake kusubiriana.

"Unataka kuiandika yote hiyo?" Baba aliuliza, akionyesha namba.

"Ya kutwa nzima. Kuanzia sasa hadi jioni."

"Basi hiyo ni zamu." Akavuta kigoda, akakaa, akaikaza tena tai yake. "Mama yake, zamu imeanza. Chai isikatike."

"Miaka kumi na miwili umestaafu, bado unatafuta wa kumwagiza chai," alisema Mama, lakini birika alikuwa ameshalishika.

Wakakaa pale dirishani, baba na binti, kama abiria wa chombo kimoja. Baba alifumba macho, akawa anagonga paja kwa kidole gumba, na mara kwa mara akasema, "Sasa itarudi," na namba zikarudi. Alijua kwamba saa sita jua likichoma bati laini hulegea, na saa tisa wanafunzi wakitoka shule wote hufungua simu zao na njia hujaa kama lango la soko. Kimya aliandika pembeni kila alichosema. Kwa miaka mitatu mjini hakuwahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivyo bila kuona aibu ya kukaa.

Mama alikuwa akilikunja shuka. "Hao waliopima," alisema, akirudi kwenye kidonda chake, "walipimia wapi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waje walale hapa jikoni wiki moja, ndipo waseme kinafaa. Watoto wasio na wazazi hao."

Kimya alitazama skrini. Laini ilikuwa imeshika pumzi.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyepima. Niliyesema kinafaa. Sahihi ni yangu."

Mama aliendelea kulikunja shuka. Alilikunja likawa mraba, akalikunja tena, hadi likawa dogo na nene kama tofali na halikukunjika zaidi. Baba hakufungua macho.

"Nami nimekuapiza tangu Jumamosi," Mama alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, Mama."

"Na Mungu nikamwambia asichelewe." Akaegemea rafu ya sufuria, akajifuta uso kwa shuka lilelile. "Ngoja nimrudie. Nimwambie hilo la kwanza limeshindikana."

Baba akacheka kwanza, kicheko kifupi cha puani, na Mama akafuata, na Kimya akacheka huku machozi yakimtoka, na kwa muda hakuna aliyeangalia namba.

Mama alipotoka kwenda kuteka maji, Baba alizungumza akiwa bado amefumba macho. "Mimi niliwahi kumkatia mtu simu. Kijana mmoja alikuwa akimpigia mama yake, mbali sana. Laini ikanyamaza. Nikahesabu sita, nikasema hii imekufa, nikachomoa waya. Mama wa watu alikuwa ameanza kusema, sauti iko njiani. Ilihitaji nane."

"Ukafanyaje?"

"Zamu ilipokwisha nikaenda hadi kwa yule kijana. Nikamwambia, si laini, ni mimi."

"Akasemaje?"

"Alinifungia mlango usoni." Baba akafungua macho. "Alikuwa na haki. Lakini tangu siku hiyo sikuchomoa waya kabla ya kuuliza mara tatu: kuna mtu? kuna mtu? kuna mtu? Hiki chenu kinakata bila kuuliza, mama. Hakina adabu, basi."

Kimya aliliandika hilo pia, na chini yake akapiga mistari miwili.

*

Ijumaa aliingia ofisini kabla ya wote. Aliwasha Konokono, akamfutia zile namba za zamani, akamlisha zamu nzima ya dirishani, sekunde kwa sekunde, kuanzia asubuhi hadi jioni. Halafu akaunganisha simu moja ya majaribio, akakaa nayo peke yake.

Hakutarajia kilichomtokea. Kiduara kikazunguka, kikasimama, na mwili wake ukajua kabla ya akili. Hii ni saa nne, Baba anapuliza chai. Hapa ndipo Mama aliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ule ukimya mrefu wa sekunde hamsini na moja ni pale walipocheka wote watatu. Katika chumba chenye zulia na viyoyozi, ghorofa ya nne, mchana wa jikoni kwao ulikuwa ukipita tena, mzima, haukupungukiwa na pumzi hata moja. Akatamani asiuonyeshe kwa mtu.

Wenzake walipofika, akaiweka simu mbele ya Mkuu. "Naomba ujithibitishe, Mkuu. Kama mstaafu."

Mkuu alicheka, akajiweka sawa, akajipiga picha. Wakakusanyika nyuma yake. Kiduara kikazunguka, kikasimama. Imeshindikana. Rudia.

"Nirudie?"

"Fanya inavyokuambia," alisema Kimya.

Akarudia. Mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne maandishi yakaja mekundu: Taarifa haziwiani. Umefungiwa.

Mtu mmoja akaanza kucheka na akajikuta anacheka peke yake. Mkuu aliendelea kuitazama simu, na uso wake ulikuwa uleule ambao Kimya aliuona mbele ya shuka jeupe, uso wa mtu mzima aliyeambiwa kwamba si yeye. Kule nyuma, kwa mara ya kwanza, Miwani alikuwa amegeuza kiti.

"Hebu angalia waliofungiwa ni wangapi tangu tuanze," Mkuu alimwambia.

Miwani alibonyeza, akavua miwani, akaivaa. "Elfu moja mia moja na kumi na wawili."

"Wazee elfu moja." Mkuu akaiweka simu mezani taratibu. "Nani alipitisha hii?"

Alijua. Wote walijua. Lakini ilitakiwa isemwe. "Si mtandao, Mkuu. Ni mimi," alisema Kimya. "Nilimwambia Konokono kila ujumbe uchelewe sawasawa. Mtandao wa namna hiyo haupo popote duniani. Nilipima kitu kisichokuwepo."

Simu aliyoipiga Mkuu kwa wenye orodha ya pensheni ilichukua nusu saa, na mlango wa kioo haukuzuia chochote. Alirudi hana kicheko. Tarehe haisogezwi. Marekebisho yawe tayari Jumatatu asubuhi. Barua ya maelezo iandikwe, na jina la aliyepima liwemo. Mkataba wa kudumu wa Kimya, uliokuwa usainiwe mwisho wa mwezi, ungesubiri miezi sita. "Na wote waliofungiwa," Mkuu alimalizia, "wapige picha upya, waangaliwe kwa macho ya binadamu, mmoja mmoja. Binadamu huyo ni wewe."

"Sawa, Mkuu."

Jumamosi na Jumapili yeye na Miwani walishinda ofisini. Alimsomea alichokiandika dirishani, na Miwani hakubisha hata neno moja. Picha ikagawanywa vipande vidogo. Kila kipande kilichofika kikahifadhiwa na kusubiri wenzake. Na programu, kabla ya kumwambia mtu chochote, ilitakiwa iulize kule ng'ambo mara tatu: kuna mtu? umepata ngapi? niendelee wapi?

Jumapili alasiri programu ikapita kwenye mtandao wa dirisha la jikoni. Ilichukua dakika nne na sekunde ishirini.

"Dakika nne!" alisema Miwani. "Nani atasubiri dakika nne?"

"Tatizo halikuwa wao kusubiri," alisema Kimya. "Tatizo lilikuwa sisi."

*

Jumatatu mambo hayakwenda kama alivyopanga. Programu mpya ilibidi kwanza iingie kwenye simu ya Baba, na kuingia tu kulichukua tangu saa mbili asubuhi. Saa saba Mama alipiga kusema imefika nusu. Saa nane na robo alipiga kusema imefika robo tatu, na Kimya akamsihi, kwa upole, asipige tena, maana akipiga anaizuia.

"Kwa hiyo tukae hivihivi bila kujua?"

"Mkae, Mama. Baba abonyeze mara moja tu, halafu akae. Mimi nitamwona."

Siku nzima nyuso zilikuwa zikifika kwenye skrini yake, za wazee waliofungiwa, nyingine upesi, nyingine taratibu, kipande baada ya kipande kuanzia juu. Kila ulipokamilika uso mmoja, aliulinganisha na picha ya zamani, akabonyeza, na mtu akafunguliwa. Alijifunza kutochoka nao. Walikuwa wamevaa vizuri, karibu wote.

Saa tisa na dakika thelathini na sita likaonekana jina la Baba, na chini yake ukanda mwembamba, mweupe. Shuka. Kisha mvi. Kisha paji la uso.

Kimya aliangalia saa akashika shavu. Saa tisa na nusu imeshapita. Shule zimefungua milango, na mji mzima uko njiani na simu mkononi. Ni saa mbaya kuliko zote, na yeye ndiye aliyekuwa na ushahidi.

Nyusi zikaja. Macho yakaja, yametazama mbele moja kwa moja, kama alivyoambiwa. Pua. Halafu ikasimama.

Ikawa saa tisa na dakika arobaini na tatu. Arobaini na sita. Miwani akaja akasimama nyuma yake, na baada yake Mkuu, na wengine. Pembeni ya skrini maandishi madogo yaliendelea kutoka moja moja: Kuna mtu? Kimya aligundua kwamba kidole gumba chake kilikuwa kinagonga paja.

"Itarudi," alisema, bila kujua anamwambia nani.

Saa tisa na dakika hamsini na moja mdomo ukafika, umefungwa kwa heshima. Kidevu. Kola ya shati. Fundo la tai ya buluu. Vipande vya mwisho vikamwagika kwa pamoja, na picha ikajaa. Na pale begani, kwenye pembe ya chini, palikuwa na vidole vinne vya mtu mwingine, vimelikamata shuka kwa nguvu.

"Kuna mtu wa pili hapo," alisema Miwani kwa wasiwasi. "Masharti yanasema mtu mmoja."

"Masharti yanasema uso mmoja," alisema Kimya. "Nimeyasoma. Uso ni mmoja."

Alishika kipanya, akakiachia. Akainuka kitini. "Mkuu, huyu ni baba yangu. Haifai nimpitishe mimi. Angalia wewe."

Mkuu akakaa. Aliiangalia picha mpya, akaiangalia ile ya zamani ya kitambulisho. Akainama karibu na skrini, akavitazama vile vidole vinne muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

"Nani ameshika shuka?"

"Mama."

"Amesimama muda wote huo?"

"Atakuwa amesimama. Sikumwambia kwamba picha ikishapigwa anaweza kushuka."

Mkuu akabonyeza. Saa ilikuwa tisa na dakika hamsini na tatu. Mstari mwekundu ukageuka kijani, na jina la Baba likarudi mahali pake kwenye orodha, kati ya mtu wa juu na mtu wa chini, kama lililokuwapo siku zote.

Wenzake wakapumua, mmoja akampiga begani, Mkuu akaondoka na kumwachia kiti. Kimya alishika simu ili apige nyumbani amwambie Mama ashuke. Hapo ukanda mwingine ukatokea kwenye skrini, mwembamba, wa kilemba cha bibi asiyemjua, na ukasimama. Zilibaki dakika sita.

Akamwandikia Mama ujumbe wa neno moja, "Shuka," akaiweka simu chini, akavuta kiti karibu na skrini, akakaa kumsubiri yule bibi.